Kila Mnyama na Saa Yake

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi, komini Annexe, mbele ya wazazi, wakuu wa avenyu, watengeneza matofali na vijana wa pikipiki, mvua za kwanza zilipoanza. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Bamama na batata, wakuu wa avenyu, watu wa matofali mlioacha tanuri zikiwaka, na ninyi vijana wa pikipiki mliojipanga pale mlangoni: asanteni kwa kufika, hasa kwa wingu hili lililotanda.

Nianze na swali. Nikisema "mnyama hatari", ni nani anayekujia kwanza akilini? Nasikia simba. Nasikia mamba. Kule nyuma mtu amesema kiboko. Huyo atakuwa na ndugu Kasenga, kule mto Luapula. Nani amesema mbu? Hakuna. Nani amesema mbwa wa jirani? Kimya. Haya, basi tuna kazi.

Mwaka 1898, Waingereza walipokuwa wakijenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria, simba wawili walianza kuingia katika kambi ya vibarua kwenye mto Tsavo, huko Kenya. Walikuja usiku, wakamvuta mtu hemani mwake, wenzake wakisikia. Kazi ya daraja ikasimama. Mhandisi Patterson aliwapiga risasi wote wawili Desemba ya mwaka huohuo, na baadaye akadai walikula watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima mifupa na manyoya ya simba hao, waliohifadhiwa Chicago, wakakadiria kuwa ni watu kama 35. Watu 35 ni msiba mkubwa, sibishi. Lakini reli hiyohiyo ilizika vibarua kama 2,500 waliotoka India, na wengi wao waliondolewa na maradhi. Simba wakawekwa ndani ya kioo watu wakawatazame. Mbu hakuna aliyemwekea kioo.

Ninachotaka kuwaambia leo ni hiki: mnyama msimpime kwa meno, mpimeni kwa saa. Tangu anapokuuma hadi unapokufa kuna muda. Mbu anakupa siku. Nyoka anakupa saa kadhaa. Mbwa anakupa majuma, mara nyingi miezi. Mamba hakupi kitu. Na wengi wanaozikwa hapa kwetu kwa sababu ya mnyama, muda walikuwa nao. Ulitumika kwa nini? Kwa kufunga kamba mguu. Kwa kungoja asubuhi. Kwa kununua nusu dozi. Ndiyo maana kwa kila mnyama nitauliza lilelile: saa yake ni ngapi, na sisi tunaitumiaje?

Tuanze na mdogo kuliko wote.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000. Katika kila 100 waliokufa, 95 walifia Afrika, na kama robo tatu ya hao wa Afrika ni watoto ambao hawajafika miaka mitano. Nchi yetu ilibeba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya vifo vyote, ikiwa ya pili baada ya Nigeria. Simba gani ameua hivyo? Simba gani atakayeua hivyo?

Anayeuma ni mbu jike peke yake, maana damu anaihitaji kwa mayai. Na jike huyo akitoka tu majini hana malaria. Ni lazima kwanza amnyonye mtu mwenye vijidudu, kisha vijidudu vikae ndani yake, kwa kawaida siku 10 hadi 14, ndipo vifike kwenye mate yake. Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza huko India, alihangaika na jambo hili miaka. Mwezi Agosti 1897 alimlipa mgonjwa mmoja wa malaria akubali kuumwa na mbu, kisha akawapasua mbu hao mmoja mmoja chini ya darubini. Waliopasuliwa mapema hawakumwonyesha kitu. Tarehe 20 Agosti alimpasua aliyekuwa amekaa siku nne tangu anywe damu ile, akaona vijidudu vimejishikiza kwenye ukuta wa tumbo. Mnaona? Mbu anayeua ni mbu mzee. Ukifupisha maisha yake kwa siku chache tu, hafiki umri wa kuua. Hiyo ndiyo kazi ya dawa iliyomo kwenye chandarua: inamuua kabla hajazeeka, na hivyo inamlinda hata jirani ambaye hana chandarua.

Watu wa matofali, sasa nasema nanyi. Hapa Lubumbashi udongo bora wa tofali mnautoa kwenye vichuguu, na mna haki, unashikana vizuri. Mkishakata kichuguu mnaacha shimo. Mvua inalijaza maji safi, jua linalipiga, hakuna kivuli wala samaki. Mbu wa malaria hataki kingine! Kinyume na tunavyofikiri, yeye hapendi mfereji unaonuka. Yule wa kwenye mfereji ni mbu mwingine. Anakupigia kelele sikioni usiku kucha, lakini malaria ya hapa si yake. Kwa hiyo mkisafisha mifereji yote ya avenyu na kuacha mashimo ya matofali wazi, mmefukuza kelele mkabaki na homa. Tangu yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 14. Shimo lisilotumika lifukieni kwa mabaki ya udongo na matofali yaliyovunjika. Linalotumika lichimbieni njia ya kutokea maji, likauke walau mara moja kila siku sita. Shimo kubwa la kunyweshea bustani, wekeni ngege ndani na mkate majani ya kando, maana viluwiluwi hujificha humo.

Chandarua kipya, ile mustikeri tunayogawiwa, usikilalie siku hiyohiyo. Kitandaze kivulini siku nzima, mchana na usiku, ili dawa ya juu isikuwashe macho na ngozi. Kifue kwa sabuni ya kawaida ya kipande, bila javeli ya kung'arishia nguo, bila kukiloweka usiku kucha. Ukaushe kivulini, jua huua dawa. Kimetengenezwa kuvumilia kufuliwa mara 20, kwa hiyo kifue mara moja tu kila miezi mitatu au minne. Tundu likitokea, shona siku hiyohiyo. Na tafadhali, kisiende kuzungushia vifaranga wala kuvulia dagaa. Kule ziwa Tanganyika na ziwa Moero kimekomba hadi samaki wa siku moja, watu wakapata hasara mara mbili.

Na homa ikishaingia? Saa imeanza kutembea. Malaria yetu, hii ya falsiparamu, aina iliyo kali kuliko zote, ikiachwa bila dawa inaweza kumfikisha mtoto kwenye hali ya kufa ndani ya saa 24. Ndani ya saa 24, bamama! Homa imeanza jioni, asubuhi uwe kituo cha afya. Wamchome kidole, kipimo cha haraka kinajibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Msikubali dawa ya kukisia, na msikubali kila homa iitwe tifoidi. Kikionyesha malaria, atapewa dawa ya mseto ya siku tatu. Ile ya artemetha na lumefantrini inatolewa hivi: dozi ya kwanza pale pale, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mpe pamoja na maziwa, au bukari yenye mboga ya mafuta, bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Akitapika ndani ya saa moja, arudishiwe dozi hiyo.

Wapi tunaharibu? Siku ya pili. Homa imeshuka, mtoto anacheza, mama anafunga vidonge vilivyobaki kwenye kitambaa: "Hivi vitamsaidia mdogo wake." Vijidudu vilivyobaki vinarudi, na mdogo wake atapewa nusu dozi ambayo haitoshi mtu yeyote. Mkiona mtoto anashtuka degedege, hanyonyi, anatapika kila kitu, haamki, viganja vimepauka, anahema haraka, au mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, msikae kwenye foleni ya kituo kidogo. Huyo anahitaji sindano ya artesuneti na mara nyingi damu. Hospitali, moja kwa moja.

Sasa nyoka. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nusu ya waliomo humu wanachimba vichuguu au wanachoma makaa.

Hesabu ya dunia ni hii: kila mwaka watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka. Wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000. Tazameni vizuri namba mbili za kwanza. Katika watu wawili walioumwa, karibu mmoja, au zaidi, hakupata sumu kabisa. Ama nyoka hakuwa na sumu, ama aliuma bila kuitoa. Ukimpaka mtu huyo majani, atapona. Ukimwekea jiwe jeusi, atapona. Ukimsomea gazeti, atapona! Na wote watasema jiwe limevuta sumu. Jiwe jeusi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa ukawa mkaa. Linanata kwenye damu kwa sababu lina vitundu vidogo. Sumu haikai pale juu ikilingoja; imeshaingia ndani ya nyama na inatembea. Siwadharau wanaoliuza, wengine ni watu wa Mungu kweli. Nasema tu kwamba jiwe hula muda, na muda ndio pekee uliokuwa nao.

Katika pori letu la miombo wako watatu wa kuwajua. Wa kwanza ni koboko. Ni mrefu, mita mbili hadi tatu, rangi yake ni ya kijivu. Weusi uko ndani ya kinywa, akifungua ndipo unauona. Anapenda kichuguu cha zamani chenye mashimo, ndicho mnachokuja kukikata asubuhi. Sumu yake inashika mishipa ya fahamu. Kwanza kope zinalegea, mtu anakutazama kama mwenye usingizi. Kisha ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana, mwisho kifua kinaacha kuvuta hewa. Bila matibabu, hesabu yake ni ya saa chache. Wa pili ni bafe, mfupi, mnene, mwenye mabaka, anayelala njiani bila kukimbia hadi umkanyage. Huyo anavimbisha mguu mpaka paja, nyama inaoza. Wa tatu ni swila anayetema. Anatema machoni, na usiku huingia ndani akifuata panya, akamuuma mtu aliyelala chini kwenye mkeka. Chandarua kilichochomekwa chini ya mkeka kinamzuia yeye pia.

Ameuma. Saa imeanza kutembea. Fanya nini?

Ondoka pale alipo nyoka, usimfuate umuue. Wengi huumwa mara ya pili wakimwinda, na kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma. Mketishe mgonjwa. Vua pete, bangili, saa ya mkononi, kiatu, kabla uvimbe haujaanza. Funga banzi kwenye mguu au mkono kama uliovunjika, kwa vitambaa vilivyolegea, kidole kiweze kupita chini yake. Mgonjwa asitembee, hata hatua kumi, maana misuli inayofanya kazi inasukuma sumu. Abebwe. Akitapika au akisinzia, mlaze ubavu wa kushoto. Usikate, usinyonye, usichome, usimpe pombe. Na usifunge kamba! Nimesema usifunge kamba. Kamba iliyokazwa inazuia damu, kiungo kinakufa chini yake, na kwa sumu ya bafe unaifungia sumu mahali pamoja iendelee kula nyama. Kisha hospitali wakiifungua, kila kilichokusanyika kinaingia mwilini kwa mara moja. Watu wanakatwa miguu ambayo nyoka peke yake asingeiondoa. Aliyetemewa machoni, mwageni maji mengi safi, dakika 15 hadi 20, kope zikiwa wazi. Maji ya kunywa yanatosha, mkojo hapana.

Vijana wa pikipiki, mlidhani mmeitwa kusikiliza tu? Kusini mashariki mwa Nepal, nchi ya mashamba ya mpunga na nyoka wengi, vijiji viliamua jambo rahisi. Walijitolea wenye pikipiki, majina yao yakajulikana kwa kila nyumba, na kila aliyeumwa akapelekwa mara moja kwenye kituo chenye dawa. Mgonjwa anakaa katikati, dereva mbele, mwingine nyuma akimshika. Wakati huohuo wanakijiji walifundishwa kuacha kamba na visu. Kabla ya hapo, katika kila 100 walioumwa walikuwa wakifa kama 10.5. Baada yake, 0.5. Serumu, ile dawa ya sumu ya nyoka, ni ileile. Madaktari ni walewale. Kilichobadilika ni zile saa za njiani.

Hospitalini kuna mambo mawili ambayo ndugu wa mgonjwa anapaswa kuyajua, msije mkagombana na muuguzi bure. La kwanza ni kipimo cha dakika 20. Wanachukua damu kidogo, kama mililita 2, wanaiweka kwenye chupa ya kioo safi na kavu, wanaiacha bila kuitikisa dakika 20, kisha wanaiinamisha. Ikimwagika kama maji, sumu imeharibu nguvu ya damu ya kuganda. Chupa lazima iwe ya kioo. Ya plastiki inadanganya, na iliyooshwa kwa sabuni inadanganya pia. La pili, mtoto anapewa serumu kiasi kilekile cha mtu mzima. Baba mmoja akisikia hivyo anaruka: "Mtaniulia mtoto!" Hapana. Nyoka hakumpunguzia mtoto sumu, na dawa inapimwa kwa sumu, wala si kwa kilo za mgonjwa. Hatari ya serumu ni mzio, ndiyo maana adrenalini inawekwa tayari pembeni. Na kwa koboko, hata serumu ikikosekana, mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono unaweza kumweka mtu hai kifua kinapolala. Mkono wa muuguzi ukichoka, wa ndugu uchukue nafasi.

Kujikinga ni kazi ndogo: buti za mpira, tochi usiku, na fimbo ndefu ya kugonga kichuguu na rundo la matofali kabla ya kuingiza mkono. Mahindi hifadhini juu ya kichanja, mbali na kitanda. Panya akikosa chakula chumbani, nyoka hana safari ya kuja.

Mbwa. Kwa mbwa tunacheka, na hapo ndipo anapotupata.

Kichaa cha mbwa huua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, hakuna daktari Lubumbashi, Kinshasa wala Paris atakayemrudisha. Lakini saa yake ni ndefu kuliko ya mbu na ya nyoka! Kirusi kinapita kwenye mshipa wa fahamu polepole kikielekea ubongo, kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu. Kinaweza kuwa juma moja, kinaweza kuwa mwaka. Kidonda cha mguu kina njia ndefu, cha uso kina njia fupi. Chanjo inashindana mbio na kirusi. Anzeni mapema, mtashinda.

Tarehe 6 Julai 1885, mama mmoja kutoka Alsace alifika Paris na mwanawe Joseph Meister, mvulana wa miaka 9, aliyeng'atwa na mbwa siku mbili kabla. Hakuwa amepona mtu yeyote kwa chanjo hiyo, ilikuwa imejaribiwa zaidi kwa mbwa. Louis Pasteur hakuwa hata daktari, alikuwa mkemia. Waliompiga sindano mtoto walikuwa madaktari. Sindano 13 ndani ya siku 11. Mtoto akaishi, akazeeka hadi umri wa miaka 64. Nataka mmtazame yule mama. Hakungoja kuona kama mtoto ataugua, alipanda treni.

Sisi hatuhitaji treni. Tunahitaji sabuni. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Bidoni ya lita 20 yenye tundu dogo itakufikisha huko. Dakika 15 ni ndefu, mtoto atalia, wewe utataka kuacha kwenye ya tatu. Usiache, maana sabuni inayeyusha ngozi ya kirusi na kukiua pale pale. Kisha iodini. Usiweke pilipili, mafuta, wala unga wa kahawa, na kidonda kisishonwe haraka, sindano ya kushonea inakisukuma kirusi ndani. Siku hiyohiyo, chanjo: ya kwanza leo, kisha siku ya 3, siku ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na 28. Inachomwa begani, kwa mtoto mdogo kwenye paja, kamwe si kwenye tako. Kidonda kikitoa damu, aongezwe serumu ya kichaa, iingizwe ndani na kuzunguka kidonda chenyewe.

Na mbwa? Tunampiga mawe hadi kufa, tunamtupa, na ushahidi umekwenda. Mbwa anayefungika afungwe, aangaliwe siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, chanjo inasimamishwa. Lakini chanjo haingoji siku hizo kumi, inaanza mara moja. Waulizeni watoto pia. Mtoto aliyeng'atwa akichokoza mbwa wa watu anaficha, anaogopa fimbo. Nyumba ambayo mtoto anapigwa kwa kuumwa ni nyumba ambayo hatawaambia. Mkwaruzo unahesabiwa. Mate kwenye kidonda kilicho wazi yanahesabiwa. Na avenyu ikichanja mbwa 7 katika kila 10, kichaa kinakosa njia ya kupita. Si lazima kuwapata wote, hata wale wasio na mwenyewe.

Mamba na kiboko, kwa ndugu za watu wa Kasenga, Pweto na Bukama. Hapa hakuna saa ya kutumia baadaye. Yote ni kabla. Mmesikia habari za Gustave, yule mamba wa mto Ruzizi na pwani ya Burundi, aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye. Wanasema ana zaidi ya mita sita, wanasema amekula watu mamia. Hakuna aliyempima, hakuna aliyehesabu. Walimwekea kizimba kikubwa cha chuma chenye nyama ndani, akakipita. Wakati watu wakimsimulia Gustave, mamba wa kawaida, asiye na jina, anamchukua mama anayeteka maji mahali palepale, saa ileile, kila siku. Mamba huzoea ratiba. Badilisheni mahali, tumieni ndoo yenye mpini mrefu, pigeni uzio wa miti iliyochomekwa majini mahali pa kutekea, na matumbo ya samaki msiyatupe hapo.

Kiboko hali watu, naye ni hatari kuliko mamba kwa mwenye mtumbwi. Ana kilo 1,500, nchi kavu anakimbia kilomita 30 kwa saa, na anataka njia moja tu: ya kurudi majini. Ukisimama kati yake na maji alfajiri, umekwisha. Kwenye mtumbwi, gongeni kasia ubaoni mkikaribia, atoe kichwa mjue alipo, na muache upande wa kina uwe wake.

Nimalizie na mbung'o, kwa ufupi, maana saa yake ndiyo inayodanganya kuliko zote. Malale ya nchi yetu, ugonjwa anaoueneza, hukaa mwilini miezi, hata miaka, kabla ya kufika ubongoni. Mtu analala mchana, anakesha usiku, anageuka tabia, na familia inaanza kutafuta mchawi. Zamani dawa ya hatua hiyo ilikuwa na sumu ya aseniki, na iliua kama mgonjwa mmoja katika kila 20 iliowatibu. Daktari wetu Mkongomani, Victor Kande, ndiye aliyeongoza majaribio ya vidonge vya feksinidazoli, na mwaka 2018 nchi yetu ikaviidhinisha: siku 10 za kumeza pamoja na chakula, bila sindano ya aseniki. Mwaka 1998 dunia iliandikisha wagonjwa karibu 40,000. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka. Anayetoka safari ya porini, mwenye homa inayokwenda na kurudi na tezi nyuma ya shingo, aombe kupimwa malale, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha kitu.

Sasa kazi. Wakuu wa avenyu, kila mmoja amepewa karatasi. Kabla ya kutoka, andikeni kituo gani kina serumu ya nyoka na nani anashika ufunguo usiku. Msiulize tu "mnayo?" Ulizeni ni ya nyoka gani, kama koboko yumo, zimebaki chupa ngapi, zinaisha tarehe gani, ni ya unga au ya majimaji inayotaka friji, na umeme ukikatika friji inafanyaje. Andikeni wapi kuna chanjo ya kichaa. Andikeni majina mawili ya vijana wa pikipiki wanaokubali kuamshwa saa nane za usiku, na simu zao. Karatasi ibandikwe dukani, msiifungie kabatini. Watu wa matofali, Jumamosi tunaanza na yale mashimo ya nyuma ya soko, leteni majembe na toroli.

Yule mama wa kitambaa cha kijani ameinua mkono tangu tulipokuwa kwenye mbwa. Karibu mama, uliza.